Msasa Ndani ya Kisanduku

Kawangware,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba Mumbi,

Sasa? Mimi na mtoto tuko salama, ila jana tulikungoja mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Anti Kanini akaniuliza kama niliolewa na bwana wa Jumapili au wa sikukuu. Nikamwambia kazi imekubana. Natumaini sikumdanganya.

Naandika barua kwa sababu simu yangu tangu ianguke kwenye beseni ya kufua haijafufuka, na ukiongea kwa simu ya Anti ploti nzima inajua unakula nini. Mildred wa mayai amekubali kunibebea. Anasema akienda kuuza mitaa ya Ayany na Highrise anapita tu mbele ya banda lako, na barua si mzigo. Amesema yeye hasomi barua za watu, lakini ameitazama sana hii bahasha.

Nimepata nyumba. Rudia hapo usome tena: nimepata nyumba. Ni kwa ploti ya Mzee Ephantus, ile ya geti ya kijani. Chumba kimoja cha mawe, si mabati. Kiko na dirisha linalofunguka, na mfereji uko ndani ya ploti, hakuna kubeba mitungi. Anayekaa humo anahama mwisho wa mwezi. Mzee amesema atanishikia mpaka tarehe thelathini na moja, baadaye atampa mtu mwingine ambaye tayari ana pesa mkononi. Anataka kodi ya mwezi na dipoziti kwa pamoja.

Nimepiga hesabu kwa kichwa. Zile pesa tumeweka kwenye kisanduku tangu Mumbi azaliwe, zako za vitanda na zangu za chapati, zinatosha, na inabaki ya kununua jiko. Watu wakiniuliza mbona tulibarikiwa kanisani mwezi wa kwanza na bado nalala nyuma ya pazia ya anti yangu, huku bwana analala juu ya mbao zake Kibera, huwa nawaambia tunajinyima kwa muda. Sasa huo muda si umeisha?

Kitu kingine kidogo. Unajua vile Mumbi anapenda kupiga kisanduku kama ngoma. Tangu ukirudishe ile wiki ulikipeleka kwa banda kukaza kona, kinalia tofauti. Zamani kilisema du, du. Siku hizi kinasema kwaru, kwaru. Ni nini hicho?

Njoo Jumapili na nyundo tukifungue pamoja, vile tuliahidiana.

Ni mimi wako,
Kaluki


Kibera, karibu na Ayany,
Jumatano, 5 Machi

Mama Mumbi,

Habari ya nyumba nimeipata, na nimefurahi. Dirisha linalofunguka si kitu kidogo. Lakini tusikimbie sana. Wenye ploti nawajua, leo anakupa tarehe, kesho anakuja mwenyewe kupunguza bei.

Kuhusu kisanduku, mimi ndio nilikitengeneza, kwa hivyo nakijua. Ile ni mbao ya saiprasi. Mvua ikikaribia inavuta unyevu, inanona, na sauti yake inabadilika. Hata vitanda huwa vinalia vingine mwezi wa tatu. Mwambie Mumbi asikipige sana. Na usikitikise, na usikiweke karibu na jiko, na usikifungue kabla sijafika, hiyo misumari ya chini ukiivuta vibaya itapasua mbao.

Jumapili hii sitaweza. Kuna mteja wa Highrise anataka kabati yake imalizike.

Msalimie Anti. Mwambie mimi ni bwana wa Jumapili kabisa, ni Jumapili zenyewe ndio zimepungua.

Muchiri


Kawangware,
Alhamisi, 6 Machi

Baba Mumbi,

Kabla upate mteja wa Highrise ulikuwa na bibi Kawangware.

Barua yako niliisoma nikikanda unga, na nilipofika pale mbao inanona niliacha kukanda. Wakati wa mimba nilikuwa nakaa na wewe kwa hilo banda kila siku nikikupitishia misumari. Ni wewe ulinifundisha kwamba mbao ikishakauka vizuri haina maneno mengi. Sasa imeanza kunona?

Nimekigeuza kisanduku chini juu. Misumari ya juu imeshika kutu, maana Anti anachemsha githeri humu ndani na mvuke wote unakaa hapo. Misumari ya chini inang'aa kama meno ya mtoto. Ni kisanduku kimoja, ni mvuke mmoja. Niambie saiprasi ilifanya nini hapo.

Mimi sitaki kudhani. Anti naye hadhani, yeye anasema wazi. Anasema mwanamume akifungua kisanduku bila bibi yake ni kubeti, hakuna kitu kingine, na kwamba amewaona wengi wakianza na kona iliyolegea. Nimekutetea mpaka mdomo umechoka. Nipe kitu cha kukutetea nacho.

Pesa ya chapati unajua inatokaje. Mtoto mgongoni, moshi kwa macho, na mteja ananiambia chapati zako siku hizi ni nyembamba, ukishika unaona mpaka stage ya matatu. Nimefanya hiyo kazi na viatu vya kuazima na sikulalamika, kwa sababu nilikuwa nafikiria dirisha.

Ulikifungua? Andika ndio au hapana. Mambo ya mbao usiniletee.

Kaluki


Kibera,
Jumamosi, 8 Machi

Mama Mumbi,

Ndio.

Si kubeti. Naapa kwa jina la mama yangu, na hilo ndilo jina la mtoto wetu, kwa hivyo unajua siwezi kulichezea. Si pombe na si mwanamke. Kuna mtu mkubwa aliniomba, mtu siwezi kumkatalia, na akaniambia nisikwambie. Nilimpa neno langu.

Nilipanga kurudisha kabla ujue. Halafu yule mteja wa Highrise akahama na kabati yangu, na nusu ya malipo ikahama naye.

Nivumilie. Na tafadhali usikifungue.

Muchiri


Kawangware,
Jumatatu, 10 Machi

Muchiri,

Leo sikuiti Baba Mumbi.

Nimekifungua. Nilitumia nyundo ya kupasulia makaa, na mbao haikupasuka, imetoka vizuri kabisa, maana misumari yenyewe uliipiga kwa haraka. Anti alikuwa hapo. Mildred pia alikuwa hapo, alikuja kuuliza kama kuna barua.

Ndani nimepata sarafu, na ile noti moja niliyoweka juzi. Zingine zote ni msasa. Msasa, Muchiri. Karatasi za kusugulia mbao, zilizoisha makali. Umezikata saizi ya noti, umezikunja vile mimi hukunja, umezipanga. Mildred alicheka mpaka akakaa chini na trei yake, kisha akaona uso wangu akasema pole. Mumbi alichukua moja akaweka mdomoni, nikamnyang'anya akalia, na mimi nikapata nafasi ya kulia bila kuulizwa.

Ungeiba tu ukaacha kisanduku kitupu, ningekasirika siku mbili. Lakini ulikaa chini. Ukachukua mkasi. Ukakata moja, ukakata nyingine, ukafikiria vile nitakuwa nikishika kisanduku nikisikia kizito na kufurahi. Hiyo ndio inaniuma. Na wiki zote baada ya hapo nikaendelea kuweka za chapati juu ya msasa wako.

Halafu unaniambia kuna mtu mkubwa. Mimi ni nani, ni mtu mdogo? Padri alipotuuliza kuhusu mali na shida hakumtaja mtu mkubwa, alinitaja mimi.

Jumapili usije. Nikifika kwa Mzee Ephantus nitamwambia ampe yule mtu mwingine.

Kaluki


Kibera,
Jumatano, 12 Machi

Kaluki,

Usiende kwa Mzee Ephantus. Nasema kila kitu.

Ni baba yako.

Alinipigia mwezi wa pili. Aliongea kwa upole, hakunifokea hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Aliniuliza, "Fundi, wewe unakaa na binti yangu kama nani?" Nikamwambia tumebarikiwa kanisani. Akasema kanisa ni sawa, lakini kwa Wakamba bila mbuzi za ntheo mwanamke bado ni wa kwao, hata padri aimbe mpaka jioni. Akasema mtoto wangu atakuwa anaitwa mgeni kwa boma la babu yake.

Nikamuuliza mbuzi nitatoa wapi na mimi niko Kibera. Akasema nitume pesa kwa simu, atanunua mwenyewe huko Kitui, bei ya Nairobi ni wazimu. Mimi sikuona shida. Kwetu pia kuna mbuzi za mahari, na siku hizi karibu zote zinapita kwa simu. Halafu akasema nisikwambie, mambo ya mbuzi ni ya wanaume, Kaluki akijua atakuzuia.

Nilijua kweli ungenizuia. Hapo ndipo kosa langu liko. Si kwamba alinikataza, ni kwamba nilifurahi kukatazwa.

Msasa niliweka kwa aibu. Niliona kisanduku kikiwa chepesi vile nikashindwa kukirudisha. Na pia, utacheka au utanitukana, sikutaka Mumbi akose ngoma.

Nilidhani nakuoa vizuri.

Muchiri


Kawangware,
Ijumaa, 14 Machi

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Musau,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi huku tuko wazima, Mumbi ameota jino la nne. Barua hii naituma na dereva wa basi la Kitui, kwa sababu simu ya Anti Kanini unaijua.

Baba, nimesikia habari ya mbuzi zangu. Bwana yangu hakusema kwa kupenda, nilimbana. Usimkasirikie.

Nilipomsomea Anti barua yake, aliacha kila kitu akaniuliza neno moja, alituma mbuzi au alituma pesa? Nikamwambia pesa. Akasema ntheo haijawahi kuwa noti, ni mbuzi zenye miguu, zionekane na wazee zikiingia bomani. Nilitaka nikuandikie kwanza, lakini alikuwa ameshapiga simu kwa jirani yenu, na sauti yake ni ile ile. Sasa ploti yote ya hapa inajua kwamba kwa boma lako hakuna mbuzi hata moja mpya, ila kuna tanki la maji, jeusi, kubwa, limekaa pale pembeni ya jikoni.

Baba, kwa tanki sikulaumu. Najua mama anatoka wapi na ule mtungi, na najua mvua iko njiani. Ungeniambia unataka tanki, mimi na Muchiri tungejipanga tukakusaidia kidogo kidogo. Lakini hizo pesa zilikuwa za nyumba. Nilikuwa nimepata chumba chenye dirisha, na kinaenda tarehe thelathini na moja.

Sasa mimi sikusoma sana, lakini nimejaribu kufuata mila vile umemfundisha Muchiri. Mbuzi hazikufika. Kwa hivyo bado sijaolewa. Kwa hivyo mimi ni binti wa kwako, na kulala kwangu na kula kwangu ni juu yako. Nimefurahi kujua hivyo, kwa sababu huku nimechoka.

Mwisho wa mwezi nakuja. Nakuja na Mumbi, ambaye anakula uji asubuhi, saa nne, mchana na jioni, na akiukosa anajulisha majirani. Muchiri hatutamwacha peke yake, atafuata na mbao zake na lile benchi la kupigia randa. Naomba mama anitengee kile chumba cha mbele ambacho mnaweka ndengu. Nitaendelea na chapati hapo hapo barabarani, na watu wa soko wakiniuliza kwa nini nimerudishwa nyumbani, nitawaeleza yote bila kuficha, niwaonyeshe na tanki.

Ni mimi binti yako anayekupenda, bado wa kwako,
Kaluki


Kitui,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kaluki mwanangu,

Barua yako imefika na mama yako ameisoma kabla yangu. Tangu siku hiyo napewa chakula bila neno.

Nimekuwa baba yako miaka yote hii na sikujua unaweza kuniandikia hivi kwa heshima.

Nieleze tanki. Mwuzaji alikuwa na moja la mwisho, na mvua ikinyesha bila tanki ni kama haikunyesha. Nikasema nitanunua tanki sasa, na mbuzi nitanunua nikivuna ndengu, na hakuna atakayejua. Kumbe nilimsahau Kanini. Dada yangu alikuwa hivyo hata akiwa mtoto, huwezi kula embe peke yako.

Sasa sikiliza. Jana nilimwita ndugu yangu na mzee Urbanus. Tumeingia bomani, tumechagua mbuzi tatu kutoka kwa zangu, si zile za kukonda, tumezitoa nje ya geti, tumezirudisha ndani, na Urbanus akatangaza kwa sauti kwamba hizo ni ntheo za Muchiri fundi wa mbao. Mama yako alisimama akiangalia mpaka mwisho. Moja ilikuwa inakataa kuingia, ikavutwa.

Kwa hivyo umeolewa. Huna sababu ya kuja na benchi.

Tanki haliwezi kurudishwa dukani, tayari limeshika maji. Lakini mbuzi nimezitoa mimi, hazikununuliwa kwa pesa ya Muchiri, basi hiyo pesa si yangu, nairudisha. Nimeuza ndama. Nusu ya pesa ya Muchiri naituma leo kwa simu yake, nusu nyingine ni baada ya ndengu, na mama yako ndiye shahidi, kwa hivyo utaipata.

Mwambie fundi nilimwambia vibaya. Mambo ya mbuzi si ya wanaume peke yao, nimeonyeshwa.

Mlete Mumbi Disemba anywe maji ya tanki lake.

Baba yako,
Musau


Kawangware,
Jumatatu, 24 Machi

Baba Mumbi,

Unaona nimekurudishia jina.

Barua ya baba nimeiweka na hii, isome ukiwa umekaa. Mbuzi zako zimeingia bomani bila wewe kuziona na bila kununuliwa, na wewe ni bwana yangu sasa mpaka Kitui. Anti amesema hajawahi kusikia ntheo ya namna hiyo, lakini kwa kuwa wazee wameitangaza hana la kuongeza. Ameongeza hata hivyo, kwa nusu saa.

Nilienda kwa Mzee Ephantus na ukweli wote. Nilimwambia tuko na kodi na kipande cha dipoziti, basi. Akaniuliza bwana yangu anafanya kazi gani. Nikasema fundi wa mbao. Akanitembeza ploti nzima akinionyesha milango. Wa choo unafungwa na kamba, wa namba tano umeoza chini, na wake mwenyewe unakwaruza sakafu akifungua. Tumekubaliana. Ukitengeneza milango yake yote, hiyo ndiyo dipoziti iliyobaki. Nimekubali bila kukuuliza. Mambo ya milango ni ya wanawake, Muchiri angejua angenizuia.

Lakini bado nimekasirika na sitaki uje ukifikiri imeisha. Imepungua tu. Kuna kitu nataka kwanza. Nitengenezee kisanduku kingine. Mbao unayotaka, misumari unayotaka, lakini upande mmoja uwe kioo.

Kaluki


Kibera,
Alhamisi, 27 Machi

Mama Mumbi,

Kioo? Nani amewahi kuona kisanduku cha pesa cha kioo? Wageni wataona kila tulicho nacho. Mama yangu akija ataona. Mzee Ephantus akija kudai kodi ataona kabla tumdanganye.

Na kioo ni bei. Nimelazimika kutumia kile kilichobaki kwa kabati ya yule wa Highrise, nimekikata, kimenikata na mimi. Gundi inakauka vibaya na hii mvua. Nimekisugua upande wa mbao mpaka kimekuwa laini kama shavu, na msasa nimeutupa wote mbele ya Mildred ili awe shahidi, maana naona siku hizi kila kitu kinataka shahidi.

Milango nimesikia. Mingapi? Uliandika yote, yote ni mingapi?

Kisanduku anakileta Mildred. Mimi nakuja Jumapili na kitanda, kama nimeruhusiwa.

Muchiri


Kawangware,
Ijumaa, 28 Machi

Baba Mumbi,

Kisanduku kimefika. Mildred alikibeba juu ya trei za mayai, na anasema kutoka Ayany mpaka hapa watu walikuwa wanamuuliza kama anauza samaki wa kuogelea.

Nimekiweka mezani. Nimetia noti moja ya chapati, na inaonekana ikiwa peke yake, inaaibisha kidogo. Mgeni akiiona ataona ukweli, ni hivyo tu tulivyo. Mumbi alikipiga mara moja, akakisikiza, kisha akabandika pua kwa kioo akaangalia ndani muda mrefu. Bado kinalia kitupu. Lakini anaona kwa nini.

Milango ni kumi na moja. Kaa chini.

Umeruhusiwa. Njoo na kitanda mapema, kabla mvua ya mchana ianze, na nyundo usisahau, aliyekuwa humo ameshahama na dirisha letu linafunguka lakini limekataa kufunga. Ile godoro ya banda uiache huko huko. Na usinijibu hii barua. Kuhusu msasa nina maneno mengi sikuyaandika, nayaweka. Nitakuambia kwa mdomo, polepole, na hutakuwa na pa kukimbilia, maana chumba ni kimoja.

Bibi yako, kwa kanisa na kwa mbuzi,
Kaluki